Vingapi, Mwalimu?

Neno la kwanza nililoambiwa na Mjomba, muuza kahawa, lilikuwa "Vingapi?" na sikulielewa. Nilikuwa nimesimama pembeni ya benchi lake, mfuko wa daftari za wanafunzi umenikata bega, napekua pochi kutafuta chenji. Nijuavyo mimi, muuzaji ndiye humwambia mnunuzi anadaiwa kiasi gani. Nikamjibu, "Si wewe uliyekuwa unamimina?" Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua, aliyekuwa ameinamia drafti huko mwisho, akasema bila kuinua kichwa: "Mwalimu, hapa kila mtu anajihesabia."

Basi nikapata jina na sheria kwa mpigo mmoja. Ilikuwa 2018, nimehamishiwa Temeke miezi miwili nyuma, na kijiwe kile kilikuwa kati ya shule na chumba nilichopanga, upande wa kuelekea Tandika, chini ya mwarobaini ulioegemea ukuta wa duka la vipuri vya pikipiki. Kikombe shilingi mia. Nilikuwa nimekunywa viwili, au labda vitatu. Nikasema vitatu ili nisionekane mwizi. Mjomba akapokea mia tatu, akanitazama kidogo, akanirudishia mia.

Hakusema kitu. Akageuka kummiminia mtu mwingine.

Kuna jambo ambalo wazee wa pale walilifanyia utani miaka yote: nilizaliwa kwenye kahawa na nilikuwa sijawahi kuinywa. Kwetu ni Kilimanjaro, Kilema, kule ambako wamisionari Wakatoliki walileta miche ya kahawa mwaka 1898. Kihamba cha bibi kilikuwa migomba juu, mibuni chini. Likizo zetu ziliishia humo: kuchuma zilizoiva nyekundu tu, kumenya kwa mashine ya mkono, kuvundika, kuosha, kuanika kwenye chanja, na kukimbilia kuzifunika mawingu yakianza kujikusanya. Zikikauka zinaitwa kahawa ya maganda. Zinapakiwa, zinakwenda kupimwa chama cha msingi, na kutoka hapo sisi watoto hatukujua tena habari zake. Wakubwa walisema mnadani Moshi, halafu Ulaya. Ada ya shule ya baba ilitoka humo. Ila nyumbani kilichonyweka ni chai ya maziwa, na mgeni wa heshima alipikiwa chai yenye maziwa zaidi. Makubaliano ya kimataifa yaliyolinda bei ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, mimi bado mchanga, bei ikaanguka, na majirani wengi waling'oa mibuni wakaweka nyanya na ndizi. Bibi hakung'oa. Alisema mti uliomsomeshea watoto hawezi kuupiga panga. Lakini kuinywa, hapana.

Kwa hiyo kahawa yangu ya kwanza maishani niliinywea Temeke, nikiwa na miaka thelathini, na ilikuwa chungu kama mwarobaini uliotufunika. Nikamuuliza Mjomba imetoka wapi. "Kariakoo." Nikamwambia nauliza imelimwa wapi. "Imetoka guniani, Mwalimu." Kijana mmoja wa bodaboda, mtu wa Bukoba, ndiye aliyenisaidia. Alisema ile ni robusta, ya kwao Kagera, akili yake haidanganyiki kwa harufu ile. Kwao, alisema, mgeni akifika hupewa kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa. Wiki iliyofuata akaniletea kifurushi kidogo kilichofungwa kwa maganda ya mgomba. Nikatafuna moja njia nzima hadi nyumbani. Ni kama kutafuna kijiti kilichowahi kusikia habari za kahawa, lakini usingizi ulinikimbia.

Vyombo vya Mjomba vilikuwa vichache. Dele moja refu, kiuno chembamba, mdomo kama wa korongo, lililoungua chini hadi likawa jeusi. Jiko la mkaa. Finjani ishirini na kitu, nyeupe, hazina mkono. Nyingine zina ufa mwembamba ambao kahawa imeingia ndani yake, ukawa kama mshipa. Ndoo mbili, ya kuoshea na ya kusuuzia. Sahani ya kashata chini ya kawa. Buni anazikaanga mwenyewe nyumbani mpaka ziwe nyeusi na kutoa mafuta, mkewe anazitwanga kwenye kinu pamoja na tangawizi kavu, na kashata za nazi ni za mkewe pia. Za karanga anachukua kwa mtu Tandika, na ukimsifia hizo hafurahi. Sukari haiingii kwenye dele. Unang'ata kashata kwanza, unaiacha ilainike, ndipo unafuatisha kahawa ya moto. Mtu anayekunywa kwanza ndipo ang'ate, walinieleza, ni mtu wa chai.

Niseme pia la ile ndoo ya pili. Saa kumi alasiri maji yake ni safi. Ikifika magharibi yana rangi, na ukitazama vizuri utagundua ni rangi ileile ya kilicho kwenye finjani yako. Nilimwambia. Akaniangalia kwa huruma: "Mwalimu, huo si uchafu. Hiyo ni kahawa." Kesho yake, hata hivyo, niliona mtoto anatumwa bombani mara mbili.

Kukaa ndiko kulikokuwa kazi. Kijiwe cha kahawa ni cha wanaume, tusidanganyane. Mwanamke akitaka kahawa humtuma mtoto na chupa ya chai, au hupita akanywa amesimama, macho barabarani kama anasubiri daladala. Mimi nilisimama wiki tatu. Siku moja daftari zilikuwa nyingi, na Mama Vitumbua, aliyekuwa na jiko lake hatua nne kutoka pale, alinisukumia kigoda chake kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Hao hawaumi." Nikakaa katikati, si kwake si kwao, nikawa nasahihisha hesabu za darasa la tano juu ya magoti.

Hawakuuma. Kwanza walipunguza sauti kwa ajili yangu, jambo lililoniudhi kuliko kelele. Halafu wakasahau. Halafu yule mzee wa drafti akaniomba daftari moja aone watoto wa siku hizi wanafundishwa nini. Akavaa miwani, akafuata mstari kwa mstari kwa ncha ya kidole, akanirudishia. "Huyu umemkosesha bure. Jibu ni lake." Nikapiga upya. Alikuwa sahihi. Nikafuta mkasi wangu mwekundu wa kosa mbele ya benchi zima, na Mama Vitumbua akacheka mpaka akaunguza kitumbua.

Mzee huyu alikuwa fundi wa mabehewa wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mstaafu. Aliingia kazini kijana mdogo, reli bado inatandikwa, na hesabu za reli ile alikuwa nazo kichwani kama watu wengine walivyo na aya: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, 1970 wameanza, 1975 wamemaliza. Ukitaka asahau drafti umtajie kipande cha Mlimba hadi Makambako, kwenye mahandaki na madaraja. Alikieleza kwa mikono, vizibo vya soda vikiwa mabehewa, finjani zikiwa milima, na Mjomba akilalamika kwamba milima hiyo inahitajika na wateja.

Alikuwa Simba. Ukimgusa Yanga, hakuanza na jana. Alianza na 1977, bao sita bila, matatu ya Kibadeni, aliyasikia redioni akiwa Mlimba. Hiyo ilikuwa ngome yake, na ilimtosha mpaka Novemba 2023, Yanga walipowafunga tano kwa moja. Jioni iliyofuata alikuja kama kawaida, akakaa, akapokea kikombe. Benchi zima kimya, tunamsubiri. Akanywa, akafuta midomo. "Sita," akasema, "bado ni nyingi kuliko tano." Hata watu wa Yanga walimpigia makofi.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiko ninakotaka kufika. Kwa Mjomba hakuna daftari mbele ya mteja, hakuna karatasi. Ukirudisha finjani imesimama, anajaza. Ukiilaza ubavu, umetosheka. Kashata unachukua mwenyewe. Unaweza kukaa saa mbili, ukabishana, ukaenda kuswali, ukarudi, ukahama benchi, na wakati wa kuondoka ni swali lilelile: vingapi? Unataja, unalipa, unakwenda. Kwenye mji ambao kila tangazo la kodi linatuambia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, watu hamsini kwa siku wanaulizwa wadaiwe kiasi gani, na wanasema.

Mimi mtu wa hesabu sikuweza kuliacha hilo. Nilimuuliza anajuaje kama haibiwi. Akasema dele moja linatoa finjani arobaini, yeye anajua amepika madele mangapi, na usiku akihesabu pesa anaona. Je, zikipungua? Zinapungua. Je, anajua nani? "Wengine najua, wengine nakisia, wengine Mungu anajua." Nikamkumbusha ile mia aliyonirudishia siku ya kwanza. Alijuaje kama ni viwili?

"Mgeni namhesabia," akasema. "Mwenyeji simhesabii."

Nililichukua kama neno zuri tu la mfanyabiashara. Miezi mingi baadaye nilikuwa nimelala tayari, nikakumbuka kuwa jioni ya siku hiyohiyo nimelipa viwili nami nimekunywa vitatu. Cha tatu nilipewa wakati wa ubishi wa mtihani wa taifa, nikakinywa bila kujua. Nilikaa vibaya na ile mia usiku kucha. Kesho yake nikampa kabla hata sijaketi. "Ya nini?" Nikamweleza. Akaitia mfukoni. "Sikujua," akasema.

Nilimtazama nione kama ananidanganya kwa adabu. Hakuwa. Kweli hakujua. Alishaacha kunihesabia, na hakuna aliyeniambia ni lini.

Bei ilipopanda kwenda mia mbili, mkaa ulikuwa umepanda kwanza, na sukari ya kashata. Mjomba hakubandika tangazo. Aliitisha kikao. Alileta kipande cha mkaa na pesa alizonunulia, akakiweka juu ya ubao wa drafti, akasema nyie semeni. Wakasema kwa siku tatu. Kuna aliyependekeza mia na hamsini, akaulizwa hiyo hamsini ataitoa wapi siku hizi. Kuna aliyependekeza finjani zipunguzwe ukubwa, akazomewa. Mwisho walikubali mia mbili kwa sharti kwamba kashata za karanga zisiguswe, na mtu wa mwisho kuridhia alikuwa mzee wa TAZARA, kwa sababu yeye hesabu yake ilikuwa imeandikwa ukutani.

Hilo nalo lina maelezo yake. Mzee hakuwahi kuulizwa vingapi. Pensheni ikitoka alimpa Mjomba pesa ya mwezi, akachukua kipande cha mkaa, akachora vijiti kwenye ukuta wa duka la vipuri, usawa wa kichwa chake akiwa ameketi. Vitano vitano, vimepangwa sawasawa kama mataruma. Kila alipokunywa, alikata kimoja. Vikiisha, alisugua kwa kitambaa na kuchora upya. Mwenye duka aligombana naye mwaka wa kwanza, baadaye akawa anawazuia wapaka rangi wasifike pale. Nilimuuliza kwa nini asilipe jioni kama watu. "Mwanangu," akasema, "hupandi treni ukasema nitalipia Makambako."

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya corona na mimi nikawa sina pa kwenda. Kijiwe kilikaribia kufa. Ndoo ya kusuuzia, tuliyoifanyia utani miaka miwili, ghafla ikawa kitu cha kutisha. Mjomba akaleta ndoo yenye koki na sabuni, akatenganisha mabenchi, na akatangaza kila mtu aje na kikombe chake. Akapigilia misumari kwenye shina la mwarobaini, tukavitundika. Changu kilikuwa cha kaure, cha maua, kimemeguka mdomo. Yule wa Bukoba alileta kikombe cha plastiki cha mtoto wake. Mzee akaja na kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, cha enzi za kazi, kikubwa kama kopo la kuogea.

Hapo ndipo sheria ya kujihesabia ilipoingia matatani, maana vingapi ni vingapi ikiwa vikombe havilingani? Ubishi ulichukua wiki. Mjomba alipima kwa maji hadharani: kikombe cha mzee kilibeba finjani nne na kidogo. Mzee akadai nne. Mjomba akadai tano. Wakaniita mimi, mwalimu, nisuluhishe, nikasema nne na robo, na wote wawili wakanichukia siku hiyo. Walimalizana kwa kukata mstari ndani ya kikombe kwa msumari. Kahawa iishie hapo, iwe nne kamili. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, finjani nazo zilikuwa zimeanza kurudi. Watu walichukua vikombe vyao. Cha bati kilibaki kwenye msumari wake.

Sipendi kuwaonyesha watu kijiwe kama pepo. Kuna siku nilikwenda mgahawa mmoja wa kahawa huko mjini, wa viyoyozi na viti vya ngozi, na rafiki aliyetaka kunisherehekea siku ya kuzaliwa. Kikombe elfu saba. Ukutani picha kubwa ya mlima, na chini yake bibi mmoja na kikapu cha buni nyekundu, ambaye angeweza kuwa bibi yangu kama bibi angekubali kupigwa picha na nguo za shamba. Kahawa ilikuja ya rangi ya hudhurungi, imechujwa, haina kitu. Nikaionja, na niliinyamazia kwa muda. Ilikuwa na uchachu kama wa tunda. Nilikuwa nimevila sana vile vitu vyekundu utotoni, ule utamu mwembamba wa kumung'unya kabla ya kumenya, na sasa ulikuwa umenirudia ndani ya kikombe, umebadilika lakini ni wenyewe. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilionja kahawa ya kwetu. Ilikuwa nzuri sana, na hakuna kijiwe kitakachonipa ile.

Kisha ikaja risiti: mbili zangu, moja ya rafiki. Nikasema nimekunywa moja. Binti akatabasamu, akaenda, akarudi. "Dada, mfumo unaonyesha mbili." Nikamwonyesha meza: kikombe kimoja mbele yangu. Akaja msimamizi, naye mpole, naye akautaja mfumo. Walikuwa watu wa adabu mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekunywa vingapi. Baada ya dakika ishirini wakaifuta. Nikiwa kwenye daladala simu ikaita ujumbe: tuambie huduma yetu uliionaje, nyota moja hadi tano. Nikawapa nne. Kahawa ilistahili.

Desemba hiyo nilipopanda kwetu nilimpelekea bibi robo kilo ya unga wa Mjomba. Nikamchemshia kwa tangawizi, nikamkatia kashata. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni. Miaka yake yote kwenye ile miti. Halafu akameza. "Hii ndiyo waliyokuwa wanaifuata huku kwetu?" akauliza. Nikamwambia hii ni ya Bukoba, bibi. "Ah," akasema, akarudisha kikombe, "basi wamekosea gari."

Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka. Mchana benchi limelazwa juu chini. Baada ya tarawehe watu hujaa mpaka barabarani, na kuna waliokaa hadi karibu na daku. Mimi Mkristo nilikuwa nawahi nyumbani, lakini Mjomba aliniwekea kashata mbili kwenye karatasi za gazeti, nazichukua asubuhi kwa Mama Vitumbua nikielekea shule. Hizo sikuwahi kuulizwa. Nilijihesabia mwenyewe, nikalipa Idi.

Mwaka jana mzee hakuonekana siku mbili. Siku ya tatu yule wa bodaboda alikuja bila kuzima pikipiki, akasema maneno mawili matatu kwa Mjomba, na Mjomba akachukua kawa akafunika dele. Sijawahi kumwona akifunika dele. Mzee alikuwa amelala usiku, hakuamka.

Nilikwenda msibani na Mama Vitumbua, khanga zimefungwa, tukaingia uani kwa wanawake. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, na nilitambua sauti za wastaafu wenzake kwa jinsi walivyotaja stesheni badala ya miaka. Kabla ya kuchukua maiti kwenda kuzika, shemeji wa marehemu alisimama na kipaza sauti, akasema yale yasemwayo: kama kuna mtu anamdai marehemu aje kwa familia, na kama kuna mtu anadaiwa na marehemu naye ajitokeze. Huwa ni maneno ya kupita. Watu huyaitikia kwa kuinamisha vichwa.

"Mimi nadaiwa," ikasikika sauti.

Kule uani tuliacha kunong'ona. Nilimjua kabla hajaendelea.

"Nadaiwa vikombe kumi na vinne. Viko ukutani, vimehesabika."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, na kicheko chake kikageuka kikawa kitu kingine. Shemeji hakujua la kufanya na kipaza sauti chake. Mjomba akasema ni elfu mbili na mia nane, anazo hapa, apokee nani? Kimya kikachukua muda. Binti wa marehemu alikuwa ameketi mkekani mbele yetu, kichwa amekiegemeza ukutani, hajasema neno tangu asubuhi. Akamvuta mtoto mmoja wa kiume, mjukuu, miaka minane hivi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nenda kamwambie Mjomba sitaki pesa. Amimine."

Walizika alasiri. Walipotoka makaburini Mjomba alikuwa amekwisha kuwasha mkaa pembeni ya turubai, dele limekaa juu, finjani zimepangwa. Kumi na nne kwa umati ule si kitu. Sikuona walivyogawana, niliambiwa baadaye wa drafti walipata, wa reli wakapata, mwenye duka la vipuri alipata, na yule kijana wa Bukoba alikataa, akalazimishwa.

Sisi tulikuwa tunaosha sufuria. Yule mjukuu akaja akipita katikati ya mikeka, finjani ameishika kwa mikono miwili, macho yamekaziwa ndani yake isimwagike, mpaka akafika kwangu.

"Mwalimu, Mjomba anasema hiki cha kumi na nne."

Kilikuwa kimeshapoa. Kashata haikuwapo. Nikanywa nusu, nikampa Mama Vitumbua nusu, na mtoto akasimama palepale, mkono ameunyoosha, anangoja finjani.